Muvi za simu kwenye kioo cha laptopu: njia nilizojaribu na niliyobaki nayo

Tundu la HDMI lililo ubavuni mwa laptopu yako ni la kutoa picha, si la kuingiza. Naanza na hili kwa sababu wauza vifaa wengi hawalisemi. Mtu anaingia dukani, anaeleza kwamba anataka muvi zilizo kwenye simu zionekane kwenye laptopu, anauziwa waya wa USB-C kwenda HDMI, anafika nyumbani anachomeka huku na huku, kioo kimya. Waya hauna kosa. Umetengenezwa kwa ajili ya televisheni na projekta, vitu vyenye tundu la kupokea. Tena simu nyingi za bei ya kawaida hazitoi picha kabisa kupitia tundu la chaji, hata uzichomeke kwenye televisheni ya ukutani. Kipo kifaa kidogo kinachopokea HDMI na kuiingiza kwenye kompyuta kwa USB, lakini hiyo ni gharama ya pili juu ya waya, na kwa muvi peke yake sioni sababu ya kuitoa.

Kwangu hakuna televisheni. Nina simu ya Android yenye kioo cha inchi 6.5 na laptopu ya mtumba ya inchi 15.6 yenye diski ya SSD ya GB 128, ambayo Windows na mafaili ya kazi yameshaimaliza karibu yote. Muvi zinakaa kwenye simu, maana ndiko zinakoingia: nyingine nimepakua, nyingine nimewekewa kwenye duka la muvi la mtaani. Ukipiga hesabu ya eneo, picha ya 16:9, lile umbo pana la muvi nyingi, kwenye simu yangu inapata kama sentimita za mraba 80. Kwenye laptopu inapata 670. Ni zaidi ya mara nane. Watoto wa dada yangu wakija Jumamosi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama chumbani kutakuwa na amani.

Njia ambayo kila mtu anaitaja kwanza ni kuakisi skrini bila waya, yaani Miracast. Windows 10 inaweza kuifanya laptopu ipokee picha ya simu tangu toleo lake la Agosti 2016, ila kuanzia toleo la Mei 2020 programu ya kupokelea haiji tena ikiwa ndani. Unaiongeza mwenyewe kwenye vipengele vya hiari, kwa jina la Wireless Display, na inapakuliwa kwa intaneti. Upande wa simu nako uangalie mapema: Samsung wanayo na wanaiita Smart View, simu za Pixel hazina. Kwangu ilifanya kazi vizuri kuonyesha picha za harusi. Kwa muvi nilichoka. Ninakokaa nyumba zimebanana, Wi-Fi za majirani zimejaa hewani, na picha ikawa inaganda kidogo, sauti inatangulia, kisha picha inakimbia kuifuata. Muvi ya mapigano ukiiangalia hivyo, ngumi inasikika kabla haijafika shavuni.

Nikahamia scrcpy. Hii ni programu ya bure ya kompyuta, ya chanzo huria, iliyotolewa mwaka 2018 na kampuni ya Genymobile, na kwa kuakisi skrini ya Android sijaona inayoikaribia. Inatumia waya wa USB. Kwanza kwenye simu unafungua mipangilio ya wasanidi (Developer options) kwa kugonga namba ya toleo la mfumo (Build number) mara saba, unaruhusu utatuzi wa USB (USB debugging), unachomeka, unaifungua programu, na simu yako iko kwenye laptopu papo hapo. Hakuna kuganda. Unaweza hata kuendesha simu kwa kipanya. Toleo la 2.0 la mwaka 2023 lilileta na sauti, mradi simu iwe Android 11 au zaidi. Chini ya hapo utapata picha peke yake na itabidi sauti uisikilize kwenye simu. Ukiifungua kwa amri ya scrcpy -S, kioo cha simu kinazimika huku picha ikiendelea upande wa pili, jambo linalosaidia betri na macho ya aliyekaa karibu. Waya uwe wa data lakini. Zipo nyaya za chaji zisizo na njia za data ndani yake, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kama laptopu haioni simu, badilisha waya kabla hujaanza kulaumu programu.

Ukitaka kuonyesha kitu chochote kilicho kwenye simu, chukua scrcpy, usitafute kingine. Ila mimi nilitaka muvi tu, na kadiri nilivyoitumia ndivyo nilivyoona kwamba kuakisi skrini ni kazi kubwa isiyo na sababu. Fikiria kinachotendeka. Simu inafungua faili la muvi na kulichora kwenye kioo chake. Kisha inakipiga picha kioo chenyewe, inaibana upya picha hiyo, inaituma, na laptopu inaifungua tena. Ni kama kutoa kopi juu ya kopi. Na hesabu yake haiingii akilini: muvi ya saa mbili yenye GB 1.5 inahitaji megabiti zisizofika 2 kwa sekunde, lakini scrcpy isipopangiwa vingine inatuma picha kwa megabiti 8 kwa sekunde. Simu inapata joto kwa kutuma mzigo zaidi ya mara nne ya ule wa awali, halafu picha inayofika ina ubora wa chini kuliko faili lililolala palepale kwenye kumbukumbu ya simu.

Kwa hiyo swali langu likabadilika. Nikaacha kuuliza namna ya kuleta kioo cha simu kwenye laptopu, nikauliza namna ya kuifanya laptopu isome lile faili yenyewe.

Jibu la haraka ni waya uleule, uchague kuhamisha mafaili, kisha unakili muvi. Kwa USB 2.0 muvi ya GB 1.5 inahamia ndani ya dakika moja au mbili. Kama laptopu yako ina nafasi, ishia hapo, huna haja ya kuendelea kusoma. Kuifungua muvi moja kwa moja kwenye folda ya simu bila kuinakili sishauri: simu za Android huonekana kwenye Windows kwa mfumo wa MTP, ambao umetengenezwa kwa ajili ya kuhamisha faili zima, si kulisoma vipandevipande. Ukitaka kuruka mbele dakika ishirini, inakwama.

Mimi nafasi sina, na laptopu hii ni ya kazi, sitaki mtu aifungue akute folda ya muvi katikati ya ripoti. Ninachofanya sasa ni kuigeuza simu kuwa seva ndogo, yaani kifaa kinachogawia vingine mafaili yake kwa mtandao. Jina linatisha, kazi ni nyepesi. Programu nyingi za kupanga mafaili kwenye Android zina sehemu ya kushiriki kwa mtandao wa karibu. Ukiiwasha inakupa anwani, kwa mfano http://192.168.43.1:8080. Nawasha hotspoti ya simu, naunganisha laptopu, naandika anwani ile kwenye kivinjari, na orodha ya mafaili inafunguka. Nabofya kulia juu ya muvi, nanakili kiungo chake. Kisha nafungua VLC, programu ya bure ya kuchezea muvi, kwenye laptopu, nabonyeza Ctrl na N, nabandika, nacheza. Simu inabaki mezani imezima kioo, na imepoa. Laptopu inavuta kile kiasi kidogo cha data ambacho muvi inakihitaji, picha ni ya faili lenyewe bila kubanwa upya, na kuruka mbele au kurudi nyuma hakuna shida.

Anwani nyingi zinazotajwa kwenye maelekezo ya zamani ni hiyo ya 192.168.43.1, kwa sababu hotspoti za Android zamani zilikuwa nayo moja tu. Simu za sasa hubadilishabadilisha, kwa hiyo fuata ile inayoandikwa na programu yako.

Sasa suala la bando, maana najua ndilo linalowarudisha watu nyuma. Muvi kutoka simu kwenda laptopu kwa hotspoti haili bando hata kidogo. Inapita hewani kati ya vifaa viwili vilivyo chumba kimoja, haiendi mnarani. Lakini hotspoti hiyohiyo ikiwa na data imewashwa, Windows inaiona kama Wi-Fi nyingine yoyote na inaweza kuanza kupakua masasisho yake nyuma ya muvi yako. Zima data ya simu kabla ya kuwasha hotspoti. Windows itakuandikia kwamba hakuna intaneti. Achana nayo. Kama unaihitaji data iwe imewashwa kwa ajili ya ujumbe, nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo upande wa laptopu uutie alama kwamba ni mtandao wa kupimwa (metered), yaani wa data yenye kikomo, kisha masasisho mengi yatasubiri.

Kuna kero moja ya kweli. Baadhi ya simu zina tabia kali ya kuokoa betri: kioo kikizimika muda fulani, mfumo unaiua programu inayotoa mafaili, na muvi inasimama pale pabaya. Dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya betri na kuiruhusu programu hiyo ifanye kazi bila kizuizi. Picha ikisitasita hata baada ya hapo, ile sehemu ya VLC ya kubandikia kiungo ina chaguo la ziada la kiasi cha kuhifadhi mapema (Caching), ambacho kwa kawaida ni milisekunde 1000. Weka 3000. Muvi itachelewa kidogo kuanza, basi.

Usifanye hivi kwenye Wi-Fi ya gesti au ya ofisini. Programu nyingi za aina hii hazikuwekei nenosiri mpaka uliweke mwenyewe, na yeyote aliye kwenye mtandao huo akiijua anwani ataona na picha zako. Hotspoti yako yenye nenosiri inatosha.

Nilichokipenda zaidi kwenye njia hii ni kwamba nimepata VLC kamili ya kompyuta. Maandishi ya chini yakichelewa au kutangulia, vitufe vya G na H vinayasogeza. Sauti ikipishana na midomo, J na K. Faili la maandishi nalinakili kwenye laptopu, ni dogo sana, kisha naliburuta juu ya picha. Na spika za laptopu yangu ni dhaifu, kwa hiyo uwezo wa VLC kupandisha sauti hadi asilimia 125 ni mkombozi, hasa kwa hizi muvi zilizotafsiriwa ambazo sauti ya mtafsiri iko juu na ya waigizaji iko kisimani. Umeme ukikatika, betri mbili zinaendelea.

Kioo kikubwa nacho kina ukweli wake. Muvi za mtaani nyingi zimebanwa mno ili zienee kwenye simu, na kilichoonekana safi kwenye inchi 6.5 kinatoa vijiraba kwenye inchi 15.6, hasa matukio ya usiku. Hapo hakuna njia ya kuunganisha itakayokuokoa. Ukienda kuwekewa muvi, omba za 720p, hata kama zitaingia chache.

Na haya yote yanahusu mafaili yaliyo wazi kwenye simu. Muvi ulizopakua ndani ya programu kama Netflix zimefungwa kwa ulinzi. Hutazikuta kwenye folda zikiwa tayari kuchezwa, na ukijaribu kuziakisi kwa scrcpy utaona giza. Mwenye akaunti aingie kwa kivinjari cha laptopu, kwa bando lake. Wenye iPhone hawana scrcpy, ila VLC ya iPhone ina swichi ya kushiriki kwa Wi-Fi: unaiwasha, inakupa anwani ya kuandika kwenye kivinjari, na muvi zilizo ndani ya VLC hiyo unazipata.

Waya wa scrcpy sijauweka mbali lakini. Muvi nyingi za mafaili madogo za siku hizi zimebanwa kwa H.265, mfumo mpya zaidi wa kubana video kuliko H.264, na zile za biti 10, zenye ngazi nyingi zaidi za rangi, laptopu yangu haiwezi. Prosesa za Intel zilianza kuzifungua vizuri kwa sakiti maalumu zilizo ndani yake kwenye kizazi cha saba. Yangu ni ya kizazi cha nne, feni inapiga kelele na picha inaruka. Simu ya bei ya kawaida inazicheza bila jasho. Kwa muvi za namna hiyo narudi kwenye kuakisi: simu inafungua H.265, scrcpy inapeleka H.264, na hiyo laptopu yangu inaiweza. Ubora unapungua kidogo, lakini angalau mtu anatembea kwenye picha badala ya kurukaruka.