"Sina swali, mheshimiwa": uzoefu wangu na wakili wa kesi ya jinai

Nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya dhamana tu.

Nianze na kilichonichoma. Shahidi mkuu wa mashtaka kaninyooshea kidole, kaapa kwamba sura yangu aliiona "vizuri kabisa". Zamu ya wakili wangu. Akainuka nusunusu, akasema "Sina swali, mheshimiwa," akaketi. Mezani kwake kulikuwa na nakala ya maelezo ya shahidi huyohuyo aliyoyatoa polisi, ambamo anasema aliona mtu mrefu anakimbia na sura hakuitambua. Pini ya stepla haijaguswa, karatasi zimenyooka kama zilivyotoka kwenye mashine.

Sitaki kumwonea. Kunyamaza wakati mwingine ndiyo kazi yenyewe: shahidi asiyekugusa huachwa apite, maana swali la ovyo humpa nafasi ya kuziba pengo lililoachwa na upande wa mashtaka. Lakini huyu ndiye alikuwa shahidi pekee wa utambuzi! Hapo maswali yanajulikana: umbali wa hatua ngapi, mwanga wa nini na ulitokea wapi, alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kulikuwa na kizuizi, alimfahamu kabla, mara ya kwanza alimweleza vipi. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliyapanga hayo katika kesi ya Turnbull, iliyoripotiwa mwaka 1977. Si siri ya mganga.

Na maelezo yanayopingana hayajisemei. Shahidi huulizwa kwanza kama maelezo ni yake na sahihi ni yake, husomewa kipande husika, hutakiwa aeleze hiyo tofauti, kisha wakili huomba yapokewe kama kielelezo. Hatua hizo zikirukwa, hakimu hana cha kuandika. Na majaji wa rufani husoma mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, hawasomi faili la wakili wako.

Nilipomwuliza nje ya ukumbi, alijibu: "Hayo ni mambo ya kitaalamu, bwana, niachie mimi." Mkakati wa kweli huelezeka kwa sentensi mbili. Angesema tu alihofia shahidi angeongeza jambo fulani, ningemwelewa. Basi nyota moja.

Ingawa siku ya dhamana alikuwa moto, lazima niseme. Wadhamini walishakuwepo, vitambulisho vyao na uthibitisho wa makazi vimepangwa, na kila pingamizi la mwendesha mashtaka lilikuta jibu linasubiri. Kabla ya hapo alishanikataza kuandika maelezo yoyote bila yeye kuwepo. Siku ile ningempa tano bila kufikiri.

Kutopokea simu asubuhi msimlaumu wakili, huwa yuko mahakamani. Kesi kuahirishwa nako mara nyingi si kosa lake. Mlaumu wiki zikipita hajakuuliza mashahidi wako ni nani, wala hajaandika barua kuomba picha za kamera zihifadhiwe, kwa sababu mitambo mingi hurekodi mapya juu ya ya zamani. Mlaumu akikusukuma ukiri kosa kabla hujaona ushahidi. Kukiri, kupanda kizimbani kujitetea na kukata rufani ni maamuzi yako, yeye anashauri. Anayekuahidi ushindi, au anayenong'ona kwamba hakimu ni mtu wake, mkimbie hata kama suti inang'aa.

Mimi nilidai faili zima kwa barua, pamoja na stakabadhi za malipo. Wakili mpya ataomba shahidi yule aitwe tena ahojiwe. Ombi la namna hiyo hupelekwa, ila hakimu anaweza kulikataa, na kadiri linavyochelewa ndivyo linavyozidi kuwa gumu. Faili limeshafika. Ile pini nimeitoa mwenyewe.