Kokopiti nzuri, kipimo kikubwa mno: tathmini ya kifurushi cha kuoteshea miche

Mwezi wa Machi, masika yalipokaribia, nilinunua katika duka moja la pembejeo hapa Nairobi kifurushi cha kuoteshea miche: tofali la kilo 5 la kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi linalotumika badala ya udongo), trei mbili za matundu 128, na paketi mbili za mbolea ya kuyeyusha, A na B. Jina la duka sitalitaja, kwa sababu maduka mengine mawili niliyoyauliza baadaye yalinipa maelekezo yale yale.

Kokopiti yenyewe sina budi kuisifu. Wenzetu wa Pwani wanajua kwamba makumbi ya nazi hufukiwa ufuoni yaoze ndipo usumba usokotwe kamba, na vumbi la makumbi yaliyokaa katika maji ya bahari hubaki na chumvi ambayo mche mchanga hauiwezi. Hii ilikuwa imeoshwa vizuri. Nilipoilowesha na kukamua konzi moja, maji yaliyotoka yalisoma 0.4 kwenye kipimo cha EC, yaani kile kikalamu kinachopima chumvi zilizoyeyuka majini kwa milisimensi kwa sentimita. Trei nazo ni ngumu, na hazipindi zikiinuliwa zikiwa zimejaa.

Tatizo ni kibandiko cha mbolea. Kinaagiza gramu 1 ya A na gramu 1 ya B kwa kila lita ya maji, bila kusema lolote kuhusu umri wa mmea, na muuzaji aliongeza kwamba, kwa kuwa kokopiti haina chakula chake, ninyunyizie kila siku tangu mbegu inapochipua. Nilitii. Mchanganyiko huo ulisoma 2.4, kiwango kinachoufaa mnyanya uliokwisha kushika matunda, ilhali mche hutosheka na kati ya 0.5 na 1.0. Katika trei ya kwanza ya nyanya, ncha za majani zilikauka na kuwa kahawia, majani yakawa kijani kizito yakajikunja kuelekea chini, na miche 41 ikafa kabla ya wiki ya tatu kwisha.

Ni kweli kwamba kokopiti haina chakula cha kutegemewa, lakini mbegu inacho: majani yale mawili ya kwanza, ambayo si majani halisi, huulisha mche siku za mwanzo, na mizizi iliyo kama uzi haina kazi ya kufanya na mbolea nzito zaidi ya kuunguzwa nayo. Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakulitaja. Kokopiti ikikauka, maji huondoka na chumvi hubaki, hivyo mbolea iliyokuwa nyepesi asubuhi huwa kali jioni ndani ya tundu dogo la trei. Ndiyo maana anayeacha trei ikauke kwa kuogopa kuzidisha mbolea huwa amezidisha bila kujua.

Trei ya pili niliitunza kwa namna nyingine. Nilinyunyizia maji matupu mpaka majani halisi ya kwanza yalipofunguka, kisha robo ya kipimo cha kibandiko, na nusu baada ya wiki mbili. Nikiziyeyusha moja baada ya nyingine katika maji mengi, niliendelea na A na B zote mbili, kwa sababu kokopiti hunyakua kalsiamu na magnesiamu na kuachia potasiamu, na mche wa kokopiti unaweza kukosa kalsiamu hata pale ambapo chumvi kwa jumla zimezidi. Kila siku nilihakikisha maji kidogo yanachuruzika chini ya trei, nikayapima: yalipokuwa makali kuliko niliyomwagia, nilisuuza kwa mchanganyiko mwepesi badala ya kuongeza chakula. Katika trei hiyo nilipoteza miche 6.

Maji ya bomba la kwangu ni mepesi, hivyo sikuhitaji kuyatilia shaka. Anayetumia kisima kirefu, kama ilivyo katika mitaa mingi ya jiji hili, apime maji yenyewe kabla ya kutia chochote, kwa sababu visima vingi vya Nairobi vina sodiamu nyingi, na chumvi hiyo huhesabiwa pamoja na ya mbolea. Kikalamu cha EC hakimo katika kifurushi, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa kuliko kibandiko chenyewe. Afadhali wangepunguza trei moja wakakitia.

Kokopiti naipa nyota tano, trei nne, na maelekezo moja. Tofali nitalinunua tena dukani hapo. Mbolea sina haja nayo kwa sasa, maana kwa kipimo ninachotumia, paketi zile zile zitanifikisha vuli.