Labo ya pathologia Ibanda: mapokezi mabovu, ripoti ya maana

Mimi ni mama mwenye ualbino, nauza uniti za simu Nyawera, na mwavuli wangu haujawahi kulishinda jua la Bukavu. Kidonda kilinitoka kwenye sikio kikakataa kupona. Muganga akakikata, kipande nikakipeleka kichunguzwe kama ni kansa, kwenye labo moja ya binafsi ya pathologia Ibanda, hapa hapa Bukavu. Jina nalihifadhi, maana nina ya kulaumu.

Bei haijabandikwa popote, unatajiwa dirishani kwa dola, na noti ikiwa na mpasuko kidogo tu wanakurudishia. Siku waliyoniahidi nikaambiwa nirudi wiki ijayo, hata pole hakuna. Halafu yule dada wa mapokezi akaniita kwa sauti mbele ya watu: "Wewe wa kansa ya sikio, njoo!"

Lakini ripoti yenyewe nawavulia kofia. Mwenzangu mmoja alipewa kwingine karatasi yenye mstari mmoja: jina la kansa, basi. Yangu imeandika upana wa uvimbe milimita 14, kina milimita 3, seli zimekomaa kiasi gani, neva hazijaingiliwa, kingo safi, yaani pale alipokatia muganga hapakubaki kansa. Muganga alipoisoma, kidole chake kilisimama kwenye kina na neva. Kansa yangu ni ya ngozi, ya seli bapa (squamous); aina hii ikipita kina cha milimita 6 hupandishwa daraja la T3, daraja la uvimbe wa hatari zaidi, hata kama kwa nje kidonda ni kidogo. Upana wa sentimita 4 nao hupandisha. Na kwa kuwa ni sikio, akanipapasa tezi za shingo kwa muda mrefu: kansa ya sikio na ya mdomo hurudi na kusambaa kuliko ya mkononi.

Nilitaka pia kipimo cha damu cha kuonyesha mbele kukoje. Daktari wa labo akatoka mwenyewe: "Mama, kwa kansa yako hakuna kipimo cha damu cha kutegemea. LDH, kimeng'enya cha kwenye damu, tunaitazama kwa melanoma, kansa nyingine ya ngozi, iliyokwisha sambaa. Pesa hiyo nunua kofia pana." Angeweza kuniuzia, nisingejua. Kwa hilo tu nawapa nyota nne.

Ukienda, muganga wako aandike kwenye fomu kipande kimetoka wapi, na akifunge uzi upande mmoja, labo ijue ukingo upi ni upi. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhia kipande kisioze, iwe nyingi, mara kumi ya kipande. Ripoti ni ya Kifaransa. Noti zako ziwe mpya.