Shahada ya biashara Nakuru: Chuo Kikuu cha Egerton au cha Kabarak?
Kwa karo, Egerton inashinda. Ni ya umma: ukipangiwa huko na KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, unaweza kupata ufadhili wa serikali. Kabarak ni ya kibinafsi, mzazi ajipange.

Lakini karo nafuu haikuhakikishii kumaliza kwa wakati. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulikwamisha masomo vyuo vya umma kwa wiki nyingi, na kodi ya chumba haigomi.

Una kibanda cha biashara mjini? Masomo ya biashara ya Egerton yako kampasi ya Nakuru mjini, si kampasi kuu ya Njoro. Unatoka darasani ukauze. Kabarak iko kama kilomita 20 nje, nauli ya matatu kila siku. Aliye na karo mkononi na haraka ya kuhitimu hatajali umbali huo.