Mashua ya kukodi pale ziwa Tshangalele, Kongo: saa tatu nilizolipia na dakika 40 nilizopewa bure

Nianze na pesa, maana najua ndilo swali la kwanza. Dola 60 kwa mashua nzima, saa tatu, watu wasiozidi sita. Tulivutana mpaka 45, esansi (petroli) ikiwa ndani. Ukishuka kwenye gari na kamera shingoni bei itaanzia 80, kwa hiyo mimi nilimtanguliza shemeji yangu. Yeye ni mtoto wa Likasi na anajua kulia umaskini mbele ya mfanyabiashara.

Tulikuwa watano: mimi, yaya, shemeji na watoto wawili. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu. Tulitoka Lubumbashi saa kumi na moja alfajiri ili tuyatangulie malori ya madini, na malori yakatutangulia. Kufika Likasi ni kilomita 120 hivi, na unakunjia Kapolowe kabla hujafika mjini, lakini barabara hiyo haipimwi kwa kilomita. Mtoto wangu mkubwa alianza kuhesabu malori tulipotoka tu, akafika 112 akalala. Baada ya lami kuna udongo mwekundu, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku. Gari ndogo ya chini msiipeleke. Nimemaliza habari ya barabara.

Kwa wale waliozoea kupumzika Kipopo, karibu na Lubumbashi, siku za Jumapili: huku ni kitu kingine. Tshangalele ni bahari ya matete. Ziwa lenyewe ni la kutengenezwa. Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha lilizuia mto Lufira pale kwenye maporomoko ya Cornet ili viwanda vya shaba vipate umeme, na maji yakatandaa juu ya uwanda wote. Ndiyo maana lina kina kifupi, na ndiyo maana majani na ndege wamelipenda. Mitambo sita ya Mwadingusha ilikarabatiwa hadi 2021, sasa ina uwezo wa kutoa megawati 78. Vijiji vya wavuvi tulivyopita, taa zao ni za sahani ndogo za jua juu ya paa. Shemeji alitaka kulizungumzia hilo njia nzima, tukamwomba atuache tuangalie maji.

Sasa huduma. Jina la wenye mashua silitaji. Ni watu wa kawaida, wana banda, viti vya plastiki, friji ya vinywaji na mashua mbili za fiba. Tuliambiwa kwa simu saa mbili kamili. Tukaondoka saa nne kasorobo, maana esansi ilikuwa "inakuja". Hilo ningelisamehe.

Jile, yaani jaketi za kuokolea majini, sikuzisamehe. Kwa simu waliahidi jile ya kila mtu. Zikatoka tatu, na moja kifungo chake kilikuwa kimekufa, kimefungwa kwa kamba ya chandarua. Nikasema hatupandi. Kijana wa mapokezi akanituliza: "Mama, maji ya hapa ni ya kiunoni tu." Nikamjibu, basi tangulia kwa miguu, sisi tutakufuata na mashua. Aliondoka na pikipiki, akarudi baada ya nusu saa na jile mbili za watoto, sijui alizitoa kwa nani, safi kabisa, zikiwa na filimbi. Kwa hiyo vitu vipo. Ni mpaka ugombane.

Mwendesha mashua alikuwa papa (ndivyo tunavyomwita baba) mmoja mtu mzima, mvuvi tangu ujana, mikono imepasukapasuka kwa nyavu. Maneno machache. Saa ya kwanza alitufanyia kile ambacho wageni wengi wanakitaka: moteri mpaka mwisho, maji yanaruka, watoto wanapiga kelele. Raha, sikatai. Lakini kama mmekuja kwa ajili ya ndege, saa hiyo mnaona migongo yao tu. Kila tulipoelekeza pua ya mashua, walikuwa wameshainuka. Mnandi weusi waliokaa juu ya miti ya nyavu walituangalia tukiwa mbali, wakaondoka mmoja mmoja. Furukombe, yule tai mla samaki, alipiga ukelele wake mara moja, shemeji akauliza kama ni yule wa kwenye televisheni, na alipogeuza kichwa alikuwa hayupo.

Kisha tukaingia kwenye mfereji mwembamba katikati ya matete, na moteri ikakohoa, ikanyamaza.

Mapanga yake yalikuwa yamezungukwa na majani ya majini kama nywele kwenye kitana. Papa akainua moteri, akatoa kisu mfukoni, akaanza kukata, anavuta, anatupa, anakata. Alipomaliza akavuta kamba ya kuwashia. Hakuna. Akavuta tena. Hakuna. Yaya akaanza kusali kwa sauti ndogo. Simu haikuwa na mtandao. Nikatazama saa: nalipia hii.

Lakini baada ya dakika tano, sita hivi, pale palipokuwa pamekimbiwa pakaanza kujaa. Kwanza alitokea ndege mmoja mwenye rangi ya hudhurungi na vidole virefu vya ajabu, anatembea juu ya majani ya yungiyungi kama mtu anayevuka sebule iliyopigwa deki sasa hivi. Nyuma yake vifaranga vitatu. Mtoto akanong'ona, "Angalia mama yao." Papa hakuinua kichwa kutoka kwenye moteri.

"Ile ni baba," akasema. "Mama alishaenda kwa bwana mwingine."

Yaya aliacha sala akacheka mpaka mashua ikatikisika. Nilifikiri ni utani wa mvuvi, kumbe ni kweli: kwa ndege hao dume ndiye anayeatamia na kulea, na jike huenda kutaga kwa dume mwingine. Dakika moja baadaye kitu kikawashtua. Dume akachuchumaa, akafungua mbawa, vifaranga vikaingia chini yake, akasimama akiwa amevibeba kwapani. Miguu ilikuwa inaning'inia nje kama nyuzi. Kwa hilo peke yake ningelipa zile dola 45.

Upande wa pili, kama hatua kumi kutoka kwetu, kulikuwa na vichaka vilivyosimama majini, na juu yake viota vya kufumwa, mdomo wa kila kiota umeangalia chini. Mnana wa manjano wenye uso mweusi walikuwa wanaingia na kutoka. Hapo moyo ulinidunda, kwa sababu kabla ya safari nilikuwa nimesoma. Ziwa hili lina mnana ambaye hajulikani kuishi nje ya eneo hili la Katanga. Alikamatwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960, akapewa jina la kisayansi mwaka 1982, Ploceus ruweti, kisha wataalamu wakakaa miaka na miaka bila kumwona tena, mpaka habari za kuonekana kwake zikaandikwa mwaka 2009. Je, niliowaona ndio? Siapi. Mnana wenye uso mweusi wanafanana sana, na mimi si mtaalamu, nina simu yenye kioo kilichopasuka. Nilimweleza papa hadithi hiyo yote. Akasikiliza vizuri, akavuta kamba mara moja zaidi, akasema: "Miye niko naye kila siku. Hakuna mutu aliniuliza."

Moteri iliwaka baada ya dakika 40. Tukarudi polepole, kwa ombi langu.

Chakula: samaki wa kukaanga, bukari (ugali), mboga za majani. Tulisubiri saa moja na nusu, na samaki alikuwa mtamu, ngozi inakatika kama karatasi kavu. Kila mwaka uvuvi hufungwa miezi ya mvua ili samaki wazae, na sisi tulifika ukiwa umefunguliwa karibuni, kwa hiyo beseni za akina mama pale kando zilijaa. Lakini lazima niliseme na hili, maana ni sehemu ya uzoefu wangu. Mto Panda unatoka Likasi na maji ya viwanda, unaingia Lufira, na Lufira inaingia humu. Watafiti wamepima shaba, kobalti na metali nyingine kwenye maji na samaki wa bonde hili. Mimi nilikula. Watoto niliwaagizia kuku. Shemeji alinicheka, akamaliza samaki wake na nusu ya wangu, kisha akanunua beseni nzima ya kupeleka nyumbani. Kila mtu na roho yake.

Kitu kingine kilichonishangaza ni kwamba hakuna hata kibao kimoja. Bonde la Lufira liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2017. Pale bandani kuna picha kubwa ya bia na picha ya simba. Simba! Na yule kijana wa mapokezi alikuwa ametuahidi "safari ya viboko". Kiboko hatukuona hata sikio, na papa alipoulizwa alicheka tu.

Wakati wa kulipa walitaka kuhesabu zile dakika 40 kama sehemu ya saa tatu. Tukabishana. Mwisho nililipa 45 kamili, wakaongeza soda tano. Papa nilimpa faranga elfu kumi mkononi, mbali na macho ya mapokezi, kwa sababu nilimwuliza katika hizo 45 yeye anapata ngapi, na jibu halikunifurahisha.

Alama zangu: ziwa 5 kati ya 5, papa 5, mapokezi 1, choo sitaki kukizungumzia. Nenda asubuhi mapema, na mkubaliane kabla ya kupanda kwamba moteri itazimwa mkifika kwenye matete, na kwamba mtasukumwa kwa upondo. Wanao upondo, umelala chini ya benchi, nimeuona. Sisi tunarudi mwezi wa tano, mvua ikikatika. Jile tutatoka nazo nyumbani.