Siku nzima Glacier Bay kwa meli ya utalii: niliyoyaona na ninayoshauri

Katika safari yetu ya wiki moja Alaska, siku ambayo meli haikutia nanga popote ndiyo iliyonilipa nauli yote. Abiria wengi waliichukulia kama siku ya kulala kwa kuwa hakuna kushuka. Tafadhali msiilale.

Glacier Bay ni ghuba iliyo ndani ya hifadhi ya taifa huko Alaska. Tuliingia ghubani asubuhi, ukungu bado umelalia maji. Karibu na Bartlett Cove, hori iliyo karibu na mlango wa ghuba, boti ndogo ilikuja kujibana ubavuni mwa meli, na maofisa wa hifadhi wakapanda ngazi mmoja mmoja. Nilidhani wamekuja kukagua karatasi. Kumbe ndio waliokuwa walimu wetu kutwa nzima: mmoja alizungumza kwa kipaza sauti, wengine wakazunguka kwenye sitaha kujibu maswali. Ukimwona mmoja wao amesimama peke yake, msogelee. Bila yao ningeona milima na barafu tu, basi.

Mfano huu hapa. Msafara wa George Vancouver, nahodha mpelelezi Mwingereza, ulipopita mwaka 1794, ghuba hii karibu haikuwepo. Mahali pake palikuwa na ukuta wa barafu. John Muir, mwanamazingira maarufu, alipofika mwaka 1879, barafu ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita 60. Kufikia 1916 ilikuwa imejikusanya huko mwisho kabisa, kilomita zipatazo 105 kutoka mlangoni. Yaani maji yote tuliyoyapita tangu kifungua kinywa yalikuwa barafu tupu enzi za Vancouver. Na kabla ya barafu hiyo kushuka, watu wa Huna Tlingit, wenyeji wa asili wa eneo hili, walikuwa na makazi yao hapa hapa. Iliposogea mbele wakalazimika kuhama. Nilipolisikia hilo nilianza kuutazama ufuko kwa jicho jingine.

Wanyama: njooni na darubini. Simu haitoshi, na ni haki isitoshe, maana sheria za hifadhi zinavitaka vyombo vikae mbali na nyangumi. Nyangumi wetu wa kwanza ulikuwa moshi mweupe tu juu ya maji, kisha mgongo, kisha mkia ukanyanyuka polepole na kuzama. Visiwa vya Marble utavinusa kabla hujaviona: simba bahari wamejazana juu ya miamba, wanasukumana na kunguruma, na ndege wamewazunguka. Fisi maji wanaelea chali, miguu juu, kama walio kitandani. Kwenye mwamba uitwao Gloomy Knob tuliambiwa tutafute nukta nyeupe. Nilihangaika na darubini mpaka nukta moja ikageuza shingo. Mbuzi wa milimani, kasimama mahali ambapo sikuona hata pa kuweka kidole.

Halafu Margerie, mto wa barafu unaoishia baharini. Upana wake ni kama kilomita moja na nusu, na ukuta unaotokeza juu ya maji unafika mita 70 na ushei. Meli ikapunguza mwendo hadi ikawa kama imesimama. Barafu yenyewe ina nyufa za buluu iliyokolea, kwa sababu barafu iliyoshindiliwa sana humeza mwanga mwekundu na kuiachia buluu ipite. Kipande kikameguka. Nilikiona kinaporomoka kimyakimya, maji yakaruka, na ndipo mngurumo ukatufikia, umechelewa, ukapita kifuani. Watlingit huuita radi nyeupe. Baada ya hapo hakuna aliyeniambia nitazame. Nilikuwa nasubiri mlio.

Kasoro ninayo moja, nayo iliniuma. Katikati ya ukimya ule kipaza sauti cha meli kilitangaza punguzo la vinywaji, na nyuma kwenye bwawa muziki uliendelea kupigwa. Mahali kama pale meli inyamaze. Niliandika hivyo kwenye fomu ya maoni, na nawaomba nanyi muandike.

Jambo jingine ambalo wengi walilikosa: kulia kwa Margerie, ukiutazama, kuna kitu kama rundo kubwa la udongo na kokoto. Karibu kila mtu alikipa mgongo apige picha ya ule mweupe. Ofisa wa hifadhi akatuonyesha: huo ni mto wa barafu wa Grand Pacific, umefunikwa na mawe unayoyabeba kutoka milimani. Ndio uliowahi kuijaza ghuba nzima. Nilibaki nautazama mpaka meli ikageuka.

Kuhusu mavazi, vaeni kama baridi ni kali hata kama ni Julai. Upepo unaotoka kwenye barafu hauna huruma, na vidole ndivyo vinavyoanza kufa ganzi. Glavu, kofia, koti la mvua juu ya sweta. Chakula kilikuwa kizuri, lakini kuleni mapema, msije mkawa kwenye foleni ya mchana wakati wenzenu wako omo, mbele ya meli.

Chumba chenye roshani? Tulilipia, na sitalipia tena kwa ajili ya siku hii. Mbele ya Margerie meli ilizungushwa ili kila upande uone, na njiani wanyama hujitokeza kushoto na kulia bila mpangilio, kwa hiyo roshani inakunyima nusu ya mambo. Nikirudi nitachukua chumba cha ndani, hela inayobaki ninunue darubini nzuri, na saa kumi na mbili asubuhi niwe nimeshasimama nje.