Ndege ya vita juu ya kitanda cha mgeni: kabla ya kulipa, tazama tumbo lake

Mama mmoja mwenye gesti huko Diani ameniandikia kwa uchungu. Chumba chake bora, kile cha kona kinachopata upepo wa bahari, sasa kinakimbiwa. Aliambiwa vyumba vya ndege za Vita vya Pili vya Dunia vinapendwa na wazee wa Kiingereza, akamlipa fundi, dari nzima ikachorwa Lancaster, ndege ya Kiingereza ya kudondosha mabomu. Mgeni hulala usiku mmoja, asubuhi anauliza kama kile cha uani kiko wazi. Picha aliyonitumia inajieleza: dari nyeusi tii, na milango ya mabomu iko wazi juu ya mto wa kulalia.

Fundi amechora ukweli mtupu. Lancaster ilishambulia usiku, ndiyo maana tumbo lake lilipakwa nyeusi, na ghala lake la mabomu lilikuwa na urefu wa kama mita 10. Shida ni kwamba kila anayechagua ndege ya chumba huchagua kwa picha ya ubavuni, pua huku mkia kule, kwa sababu ndivyo inavyouzwa. Mgeni amelala chali, jamani. Picha iliyo ukutani nyuma ya kichwa chake haioni mpaka aamke. Usiku kucha anatazamana na tumbo.

Basi humu usitafute habari za kasi, za bunduki, wala za rubani gani aliangusha wangapi. Napanga ndege kwa matumbo yake.

Ya kwanza ni Catalina, na sitaki ubishi

Utasema naipendelea kwa kuwa mimi ni mtu wa Mombasa. Naam, naipendelea. Lakini sababu ninazo.

Catalina ni ndege ya Kimarekani inayotua majini. Chini yake ina mkuku na umbo la chombo hasa, na bawa lake la karibu mita 32 limekaa juu kabisa. Ukilala chini yake unakuwa samaki anayetazama jahazi likipita. Nyingi za Waingereza zilizowinda nyambizi zilipakwa nyeupe tumboni, kwa hiyo dari yako inabaki nyeupe na chumba hakipotezi mwanga hata kidogo. Fundi anaongeza vivuli vya kijivu, anachora maboya mawili yanayokunjwa yakawa ncha za mabawa, na yale mapovu makubwa ya kioo ubavuni, basi.

Na ina hadithi ya kumsimulia mgeni wakati wa chai. Tarehe 26 Mei 1941, Catalina ya kikosi namba 209 cha Uingereza ndiyo iliyoiona manowari ya Kijerumani Bismarck ikijaribu kukimbilia Ufaransa. Kesho yake manowari ikazama. Mwaka 1942 kikosi hichohicho kikahamishiwa Kipevu, ndiyo, Kipevu hii ya makontena, kulinda meli za Bahari ya Hindi. Agosti 1943 Catalina za vikosi vingine vya huku, namba 259 na 265, zikaizamisha nyambizi U-197 kusini mwa Madagaska. Mwenye hoteli Mombasa anayeagiza picha ya London inayowaka moto ilhali historia hii iko ng'ambo ya daraja, mimi sina la kumsaidia.

Ya pili, Spitfire, lakini chunga rejeta

Hakuna ndege ya vita yenye umbo zuri zaidi kutoka chini kuliko hii ya Kiingereza. Yale mabawa ya mviringo, mhandisi wake R. J. Mitchell na wenzake hawakuyabuni kwa ajili ya dari za Lamu, ila yameingia kama waliagizwa. Vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti. Spitfire ya mwanzo ilikuwa na mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Ichore kwa robo ya ukubwa wake, unapata kama mita 2.8, na inakaa vizuri bila kukatwa bawa.

Sasa rejeta. Spitfire za 1940, zile za vita vya kulinda anga la Uingereza, zilikuwa na rejeta kubwa chini ya bawa la kulia, na chini ya la kushoto kipozea oili chembamba tu. Matumbo yenye rejeta mbili zinazolingana yalikuja na toleo la tisa, ambalo pia lina rafadha ya mapanga manne, si matatu. Wachapishaji wa picha za dari wanachanganya vyote hivyo, au wanaigeuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo. Kipimo changu ni rahisi: lala kitandani, pua ya ndege ielekee miguuni kwako. Ikiwa ni ya 1940, rejeta kubwa iwe upande wa mkono wako wa kulia. Ikiwa kushoto, irudishe. Wazee wa Kiingereza wanaijua hiyo rejeta kuliko majina ya wajukuu wao, na watakwambia mbele ya wageni wengine.

Kuna jamaa wa duka moja la uchapishaji, sitalitaja, aliyenionyesha "Spitfire" ambayo ni Mustang ya Kimarekani, rejeta iko katikati ya tumbo. Nilipomwambia akajibu kwamba ndege ni ndege. Bei yake, lakini, ilikuwa ya Spitfire.

Ya tatu, Dakota

Hii, ndege ya kubeba askari na mizigo, ni ya mwenye fundi wa rangi lakini hana fedha za kuchapisha. Kabla ya Wamarekani na Waingereza kutua Normandy, pwani ya Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, ndege zao, Dakota zikiwemo, zilipigwa milia kwenye mabawa na kiwiliwili, mitatu myeupe na miwili myeusi, zisije zikapigwa na wenzao. Kazi ilifanywa kwa haraka, kwa brashi, na mingi haikunyooka. Fundi wako akipinda kidogo, amepatia. Isitoshe, Dakota hizo ni ndugu wa DC-3 zilizobeba abiria wa East African Airways, kwa hiyo hata babu wa Tanga atakuwa na la kusema.

Kwa wa Mafia na Rufiji peke yao

Ninyi msihangaike na 1940. Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliongoza mizinga ya Waingereza hadi meli ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji, ikaangamizwa. Mojawapo ilikuwa Henri Farman, nyaya na kitambaa. Tumbo lake ni mbavu zinazoonekana kupitia nguo. Boriti unazo, turubai jepesi unalo. Mwite fundi seremala, mwache mchoraji alale.

Stuka, ndege ya Kijerumani ya mabomu, usiguse. Mkiani ina swastika, alama ya Wanazi, ambayo kwa Wajerumani kuionyesha hadharani ni kosa la jinai, na Wajerumani ndio wanaojaza vyumba vyako Desemba. Stika za bei rahisi hubanduka pembe kwa chumvi ya pwani. Modeli za kuning'iniza kwa uzi zinazungushwa na pangaboi usiku kucha.

Pangaboi lenyewe, tukilitaja: limekaa katikati ya dari, na wachapishaji wanakutoza kwa mita ya mraba pamoja na lile duara watakalolikata na kulitupa. Ukiuliza, wanasema karatasi imetoka nje. Ukiuliza tena, bei inageuka dola. Mwambie akutolee kwanza kipande cha bawa lenye rejeta, ukibandike juu, ulale chini ya chandarua ukitazame taa ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, maana rangi ya kijani hafifu ya tumbo la Spitfire ikichapwa vibaya hugeuka ya ukungu wa ukutani na mgeni atadhani dari inavuja. Nusu ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka pangaboi lirudishwe na lizunguke bila kukwaruza.